Mawe ya Mzunguko na Mifupa ya Fort Ternan

Mtu asafiriye kutoka Londiani kwenda Kericho, kisha akashika njia ya Litein na Bomet, huona pande zote mbili za barabara mashamba ya michai yaliyotandazwa juu ya vilima kama mkeka wa kijani. Pale ambapo barabara imekata kilima, chini ya mizizi ya michai, huonekana udongo mwekundu wenye kina kirefu, na ndani ya udongo huo yamo mawe ya mviringo, makubwa kwa madogo, yanayobanduka magamba kama kitunguu. Si ajabu mtu akiliokota jiwe la namna hiyo, akaliona lina duara ndani ya duara, na kudhani kwamba ameokota kome la kale lililogeuka jiwe.

Jiwe hilo si kome. Ni kipande cha lava, yaani uji wa moto uliotoka tumboni mwa nchi ukaganda. Maji ya mvua hupenya katika nyufa za mwamba na kuulainisha kutoka nje kwenda ndani, gamba baada ya gamba, hata ukabaki moyo mgumu katikati. Zile duara zake hazizunguki kuelekea ndani kama nyumba ya konokono. Kila moja imejifunga peke yake. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza impasayo mtu kuijua kabla hajaanza kujisifu kwa jirani zake. Kisukuku cha kweli ni mabaki ya kiumbe kilichokuwa na uhai, au alama ya mwili wake, iliyohifadhiwa katika mwamba kwa muda mrefu hata ikawa jiwe: mfupa, jino, kome, jani, hata unyayo.

Katika visukuku vyote vya dunia, pengine hakuna kinachotafutwa na wakusanyaji wengi kuliko amonaiti. Hili ndilo kome lenye mzunguko halisi, lililojikunja kama pembe ya kondoo dume, na mara nyingi lina mifuo iliyopangwa vizuri mno hata mtu hushindwa kuamini kwamba halikuchongwa kwa mkono. Jina lake limetokana na Amuni, mungu wa Wamisri wa kale, aliyechorwa akiwa na pembe za kondoo. Huko Uingereza, katika mji wa Whitby, watu wa zamani walisema kwamba mawe hayo ni nyoka waliogeuzwa jiwe, na wachongaji wakayatia vichwa vya nyoka ili yauzike vizuri zaidi. Wahindu nao huyaheshimu mawe meusi ya mto Gandaki ulioko Nepali, yaitwayo saligrama, kuwa alama ya mungu wao Vishnu. Na mengi ya mawe hayo yana amonaiti ndani yake. Basi jiwe moja limepewa hadithi nyingi, kila taifa na yake.

Ukweli wa mambo ni kwamba amonaiti alikuwa mnyama wa baharini, wa jamaa moja na pweza na ngisi ambao wavuvi wa pwani huwavua mpaka leo. Tofauti ni kwamba pweza hana nyumba, bali amonaiti aliibeba yake. Ndani ya kome mlikuwa na vyumba vingi vilivyotengwa kwa kuta nyembamba. Mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mwisho kilicho mlangoni. Alipokua alisogea mbele, akajenga ukuta nyuma yake, na chumba alichokihama kikawa cha kumsaidia kuelea. Mrija mwembamba ulipita katika vyumba vyote, ukitoa maji na kuacha hewa, hata mnyama akawa si mzito wala si mwepesi, akaweza kukaa katikati ya maji bila kuzama wala kuibuka. Hata sasa katika bahari ya Hindi na ya Pasifiki yupo mnyama aitwaye nautilasi anayeishi kwa njia hiyo hiyo. Lakini amonaiti wenyewe walitoweka duniani kote miaka milioni 66 hivi iliyopita, katika maangamizi yale yale yaliyowamaliza dainosaria.

Thamani ya amonaiti kwa mabingwa wa elimu ya miamba haiko katika uzuri wake. Wanyama hawa walibadilika umbo upesi: aina moja ilidumu muda mfupi, kwa hesabu ya miamba, kisha ikatoweka na nyingine ikashika mahali pake, na kwa kuwa waliogelea mbali, aina moja huonekana katika nchi nyingi. Kwa hiyo bingwa akiona aina fulani ya amonaiti katika mwamba, hujua mara moja kwamba mwamba huo ni wa rika moja na mwamba wa nchi nyingine wenye amonaiti huyo huyo. Wazee wa Kikipsigis huweza kuwapanga watu kwa majina ya marika bila kuwauliza umri wao kwa miaka. Mabingwa nao huipanga miamba kwa majina ya amonaiti. Kipindi wanachokitegemea sana kwa kazi hiyo ni kile kiitwacho Jurasi, kilichoanza miaka milioni 201 hivi iliyopita kikaisha miaka milioni 145 iliyopita.

Je, nchini Kenya wapo? Wapo, tena wengi, lakini si Kericho. Wako pwani, nyuma ya kisiwa cha Mombasa. Kisiwa chenyewe ni cha matumbawe, tena ni kichanga kwa hesabu za miamba. Lakini mtu akivuka kwenda bara, kuelekea Changamwe, Miritini na Rabai, hukanyaga mwamba mwingine kabisa, wa tope la baharini lililogandamana likawa tabaka juu ya tabaka, jembamba kama kurasa. Ndani ya tabaka hizo yamo mafumba ya mawe magumu, na fumba likipasuliwa kwa bahati njema huonekana amonaiti amelala ndani yake. Mwaka 1877 bingwa mmoja wa Berlin, jina lake Beyrich, aliandika habari za amonaiti wa Mombasa waliokusanywa na msafiri Hildebrandt. Na baadaye, mwaka 1930, ilitolewa taarifa kubwa ya visukuku vilivyokusanywa pwani ya Kenya na Bibi McKinnon Wood, ambamo amonaiti walichunguzwa na bingwa L. F. Spath wa London. Miamba ya Jurasi iko pia Mandera, mbali kaskazini.

Spath huyo alikuwa akichunguza wakati ule ule amonaiti wa Kachi, nchi iliyo magharibi ya Bara Hindi, ambako wengi wa Wahindi wa Mombasa na Zanzibar walitoka kwa majahazi. Akaona kwamba amonaiti wa Kachi na amonaiti wa Mombasa wanafanana sana. Jambo hilo si la bahati tu. Zama hizo Afrika na Bara Hindi na Bukini zilikuwa zimeshikamana kwa muda mrefu, nazo zilikuwa zimeanza kuachana, na bahari nyembamba ikaingia katika ufa. Amonaiti waliogelea katika bahari ile ile ilipokuwa bado changa. Pwani ya Mombasa basi si pwani ya jana. Tope lake lilianza kutua katika maji hayo kabla bahari ya Hindi haijawa bahari ya kusafiria.

Sasa, kutoka Kericho mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara, na mkulima wa Bomet atauliza kwa haki kwa nini bahari hiyo haikufika kwake. Zipo sababu mbili. Ya kwanza, bara ya Kenya wakati wa Jurasi ilikuwa nchi kavu, na mahali ambapo hapakuwa na bahari hapawezi kuwa na amonaiti, hata mtu achimbe mpaka achoke. Ya pili ni hii: miamba ya nchi ya chai yenyewe ni michanga mno. Lava ngumu iitwayo fonolaiti, iliyofunika sehemu kubwa ya nyanda za Kericho, ilimwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, wakati amonaiti walikuwa wamekwisha kufa miaka mamilioni mengi. Na chini ya lava hiyo iko miamba ya kale sana, iliyokuwapo kabla amonaiti wa kwanza hajaonekana. Habari za katikati hazimo kabisa, kama daftari lililonyofolewa kurasa. Wala mito haiwezi kuwaleta, maana Itare na Kipsonoi hutoka vilimani na kwenda kumwaga maji yao katika mto Sondu na Ziwa Victoria, wala haipiti popote penye mwamba wa baharini. Kwa hiyo mtu akiuziwa amonaiti katika soko lolote la nchi ya chai, na akaambiwa kwamba ameokotwa pale pale, ajue kwamba anadanganywa. Amonaiti waliokatwa na kung'arishwa wanaouzwa madukani duniani hutoka sana Bukini na Moroko.

Lakini kukosa amonaiti si kukosa visukuku. Nchi ya Kericho ina hazina nyingine, ambayo kwa habari za wanadamu na jamaa zao ni kubwa kuliko makome yote ya Mombasa. Na hapa lazima ielezwe kwanza habari ya udongo, kwa kuwa watu wengi hushangaa kwamba mashamba makubwa namna hii yamelimwa tangu miaka ya 1920, mitaro ikachimbwa na barabara zikakatwa, lakini mifupa ya kale haikuonekana katika mashamba ya michai yenyewe.

Mchai hupenda udongo mchachu, wenye asidi, uliooshwa na mvua nyingi hata chokaa yote ikatoka. Mfupa nao umejengwa kwa chokaa. Ukifukiwa katika udongo wa namna hiyo huliwa pole pole, na baada ya miaka si mingi hausalii hata unga wake. Udongo unaoulisha mchai ndio unaoumaliza mfupa. Mfupa ukitaka kudumu hata ugeuke jiwe sharti ulale mahali penye chokaa nyingi, tena ufunikwe upesi kabla jua na mvua na fisi havijaumaliza. Mahali pa namna hiyo hapapatikani katikati ya michai, bali pako kaskazini ya nchi ya chai, katika miteremko ya mlima wa zamani wa volkeno uitwao Tinderet.

Tinderet leo umetulia, na mtu asiyejua huuona kuwa kilima kikubwa tu kilichochakaa. Zamani ulikuwa ukitupa majivu, na majivu yake hayakuwa ya kawaida, kwa sababu yalikuwa na chokaa nyingi ndani yake. Yalipoanguka juu ya nchi yalifunika nyasi, mbegu, konokono na mifupa ya wanyama, na maji yaliyopita ndani yake yakaacha chokaa katika kila tundu la mfupa. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana kuuzunguka mlima huo kuna mahali pengi penye visukuku, na majina yake yanajulikana na mabingwa wa Ulaya na Marekani kuliko majina ya miji mikubwa ya Kenya: Koru, Songhor, Fort Ternan.

Koru ndiyo ya kwanza kujulikana. Mwaka 1926 daktari mmoja mwenye shamba huko, Dakta Gordon, aliona mifupa katika mawe ya chokaa, akaipeleka London kuchunguzwa. Huko bingwa Hopwood alitambua miongoni mwake mabaki ya nyani mkubwa asiye na mkia ambaye hajapata kujulikana, akaja mwenyewe Kenya mwaka 1931 kutafuta zaidi, na mwaka 1933 akampa jina la Proconsul. Jina hilo lilitokana na mzaha: sokwe mmoja mashuhuri aliyefunzwa michezo ya kuchekesha watu aliitwa Consul, na huyu wa kale akaitwa mtangulizi wake. Umri wa mawe ya Koru na Songhor ni karibu miaka milioni 20.

Fort Ternan iko ndani ya Kaunti ya Kericho, upande wa Kipkelion, kando ya reli ya zamani iliyofika Kisumu mwaka 1901. Hapo mwenye shamba mmoja, Bwana Fred Wicker, aliona mifupa iliyogeuka mawe katika ardhi yake, akampelekea habari Dakta Louis Leakey, mkuu wa jumba la makumbusho la Nairobi lililoitwa wakati huo Makumbusho ya Coryndon. Uchimbaji ulianza mwaka 1961. Mahali penyewe si pakubwa. Ni ubavu wa kilima, wala mtu aliyepita zamani asingekuwa na sababu ya kusimama. Hata hivyo katika ubavu huo ilichimbwa mifupa kwa maelfu.

Miongoni mwa mifupa hiyo kulikuwa na vipande vya taya la juu vyenye meno, na mwaka 1962 Leakey alitangaza kwamba ni vya kiumbe kipya, akakiita Kenyapithecus wickeri, maana yake nyani wa Kenya, wa Wicker. Neno kubwa ni lile alilosema juu ya meno: kwamba chonge lake lilikuwa dogo kuliko la nyani, na taya lake lina dalili za kuelekea umbo la mtu. Leakey aliamini kwamba amempata babu wa kale wa wanadamu. Baadaye alikwenda mbele zaidi, akasema kwamba bonge moja la lava lililoonekana pamoja na mifupa iliyovunjika lilitumiwa na kiumbe huyo kuvunjia mifupa ili ale ubongo na uboho. Mabingwa wengi hawakukubali jambo hilo, na leo hakuna anayemhesabu Kenyapithecus kuwa mtu. Wamhesabu kuwa mmoja wa nyani wakubwa wa kale, wa ukoo ambao ndani yake, au karibu nao, zilitoka jamaa za sokwe, za sokwe mtu na za wanadamu. Leakey alikosea katika baadhi ya mambo, lakini bila pupa yake huenda ubavu ule wa kilima ungekuwa bado malisho ya ng'ombe.

Umri ulijulikanaje? Hapa amonaiti hawakuweza kusaidia, kwa kuwa hawakuwapo, wala mfupa wenyewe hauandikwi mwaka. Iliyosaidia ni lava. Ndani ya lava imo madini ya potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka pole pole, kwa kadiri isiyobadilika, kuwa hewa iitwayo agoni. Lava ikiwa bado uji wa moto, hewa hiyo hutoka yote. Ikiisha kuganda, hewa hufungiwa ndani na kuanza kujikusanya. Bingwa akiipima hewa na potasiamu iliyobaki hupata kujua lava iliganda lini. Fort Ternan ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo katika Afrika ya Mashariki kupimwa kwa njia hiyo, katika miaka ya 1960, na jibu likawa karibu miaka milioni 14. Hivyo lava ya Kericho iliyowanyima wakulima amonaiti ndiyo iliyowapa mabingwa hesabu ya miaka.

Pamoja na nyani huyo walikuwako wanyama wengine wengi: paa wa kale wa namna mbalimbali, twiga wenye shingo fupi, jamaa za tembo, na vifaru. Kifaru mmoja aliyetambuliwa hapo alipewa mwaka 1968 jina la Paradiceros mukirii, kwa heshima ya Heslon Mukiri, Mwafrika aliyefanya kazi ya kutafuta na kuchimba visukuku pamoja na Leakey kwa miaka mingi, na aliyekuwa miongoni mwa waliochimba Fort Ternan. Jambo hili lastahili kusemwa polepole. Katika habari nyingi zilizoandikwa zamani juu ya uchimbaji katika Afrika, mwenye shamba hutajwa, bingwa hutajwa, na aliyepiga magoti juani akiondoa mchanga kwa brashi na kijiti huitwa kibarua tu. Lakini jicho linalotambua jino dogo kama punje ya mtama kati ya changarawe halipatikani kwa kusoma vitabu peke yake.

Hata nyasi zilihifadhiwa. Mwaka 1990 mabingwa walitoa taarifa ya majani ya nyasi yaliyogeuka jiwe huko Fort Ternan, na udongo wa kale uliokuwa chini yake, wakasema kwamba hapo palikuwa na mbuga yenye nyasi. Mwaka uliofuata wengine, waliopima meno ya wanyama na chokaa ya udongo, wakajibu kwamba nyasi za mbuga za leo hazikuwapo, na kwamba nchi ilikuwa zaidi ya miti. Maneno hayo yana maana kwetu sote, kwa sababu watu husema kwamba babu zetu walisimama kwa miguu miwili walipotoka msituni kwenda mbugani. Ikiwa mbuga ilikuwapo miaka milioni 14 iliyopita, au haikuwapo, hesabu yote hubadilika. Na shahidi katika kesi hiyo ni jani la nyasi la Kericho.

Kwa mfano huo mtu ataona kwa nini kukusanya visukuku si sawa na kuokota kuni. Kisukuku kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa habari zake, hupoteza karibu thamani yote. Amonaiti aliye mezani bila jina la mahali ni pambo la kuzuia karatasi zisipeperuke. Mfupa wa Fort Ternan usiojulikana ulitoka tabaka gani hauwezi kusema ni wa zamani kiasi gani, wala uliishi pamoja na nani. Mara nyingine uharibifu hufanywa na watu wema kabisa, kama mwalimu apelekaye watoto wa shule matembezini wakarudi na mifuko imejaa, au fundi avunjaye mawe ya chokaa kwa nyundo kwa ajili ya kujengea. Huko pwani nyumba na barabara zafunika kila mwaka sehemu nyingine ya mwamba wa amonaiti, na hakuna wa kulaumiwa, maana watu lazima wakae mahali. Lililo baya ni jiwe kuonekana wakati wa kuchimba msingi na kufukiwa tena bila mtu kuambiwa.

Tena lipo jambo la visukuku kuhamishwa nchi. Mfano ulio mkubwa kuliko yote uko Tanzania, mahali paitwapo Tendaguru, karibu na Lindi. Huko kuna miamba ya Jurasi yenye mifupa ya dainosaria, na kati ya tabaka za mifupa ziko tabaka za baharini zenye amonaiti. Tangu 1909 mpaka 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, watu kwa mamia walichimba huko chini ya mnyapara wao Boheti bin Amrani, na mizigo ikachukuliwa kichwani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Berlin. Dainosaria mmoja aliyesimamishwa katika jumba la makumbusho la huko ana urefu wa mita 13 hivi kwenda juu, na watu wa dunia nzima huenda kumtazama. Lakini mtoto wa Lindi akitaka kumwona hana budi kupanda ndege.

Kenya imeweka sheria. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, mtu anayetaka kutafuta au kuchimba visukuku lazima apate kwanza kibali cha Serikali, na hairuhusiwi kuvitoa nje ya nchi bila idhini. Na mtu yeyote anayegundua kitu cha namna hiyo kwa bahati, awe mkulima, kibarua wa barabara au mchunga ng'ombe, imempasa kuwapa habari Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, akionyesha hasa mahali na jinsi alivyokiona, na kitu chenyewe akikabidhi.

Basi mtu wa Kipkelion au wa Londiani akichimba kisima au choo, na jembe likagonga kitu kinachofanana na mfupa lakini ni kizito na kigumu kama jiwe, afanye hivi. Aache kuchimba upande huo. Asikivute kwa nguvu, maana kilichokaa miaka milioni 14 huvunjika kwa dakika moja. Asikioshe kwa maji, kwani mfupa wa kale mara nyingi hunyonya maji ukapasuka. Ikiwa kimekwisha kutoka, akifunge kwa karatasi laini au nguo kuukuu, kila kipande peke yake, wala asijaribu kuviunganisha kwa gundi. Mwenye simu ya kamera apige picha kabla ya kuondoa chochote, na katika picha aweke kalamu au sanduku la kibiriti ili ukubwa ujulikane. Kisha aandike: jina la kijiji, jina la mto au kilima kilicho karibu, kina cha shimo kwa mita, rangi ya udongo uliokuwa juu na uliokuwa chini, na tarehe. Karatasi hiyo ifungwe pamoja na kitu chenyewe. Habari ipelekwe kwa chifu au kwa naibu wake, ambaye ataifikisha kwa watu wa Makumbusho. Na shimo lifunikwe kwa mabati au matawi ili mvua na ng'ombe visiliharibu.

Yule wa pwani aliyeona jiwe la mzunguko katika tope la Miritini au Rabai afanye vivyo hivyo, na zaidi ya hayo atazame kama jiwe lilikuwa ndani ya mwamba au limelala juu ya ardhi tu. Lililo ndani ya mwamba ni shahidi. Lililo juu ya ardhi huenda limeletwa na maji, au na lori la kifusi. Vipande vyote viwili vya fumba lililopasuka vichukuliwe, kile chenye kome na kile chenye alama yake, kwa kuwa mara nyingine alama ni safi kuliko kome lenyewe.

Taya la Kenyapithecus na mifupa mingine ya Fort Ternan hutunzwa Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mahali penyewe palipochimbwa pako chini ya ulinzi wa Makumbusho hayo. Anayetoka Kericho mjini kwenda kupatazama hushika njia ya Kipkelion au ya Muhoroni, nayo huteremka kutoka penye baridi ya michai mpaka penye joto la miwa. Na akikaribia huko, akiangalia kaskazini, atauona Tinderet.